Klorini ya bwawa la nyumbani: ipi nafuu, ipi haisumbui, na nyingi inapotelea wapi

Bwawa la kuogelea si mali ya hoteli peke yake tena. Shangani na Mikindani upande wa Mtwara, Mtanda na Mitwero upande wa Lindi, zipo nyumba za kuishi na nyumba za wageni zenye bwawa uani, na mwenye nalo hukosa raha kwa swali moja: dawa gani ni ya bei nafuu na haimlazimishi mtu kushinda bwawani? Majibu anayopewa yanagongana. Huyu anamwambia jiki inatosha, yule anamwambia jiki ni ya choo. Fundi anasema vidonge vinamaliza kazi, jirani analalamika kwamba pamoja na vidonge maji yake yamegeuka kijani. Mwingine anashauri mashine ya chumvi ili kuachana kabisa na klorini, na wapo wanaomwaga shabu, na wakiona maji yameng'aa wanaita watoto waruke.

Kila mmoja kati ya hao ana kipande cha ukweli. Shida ni kwamba vipande hivyo havijakutanishwa, na wanaolipa gharama ya mkanganyiko huo ni watoto, kwa macho, ngozi na matumbo yao.

Niseme mapema ninachokiamini. Kwa pwani hii ya kusini, gharama kubwa ya klorini si bei ya dukani. Gharama ni ile dawa inayopotea bila kuua kijidudu hata kimoja: inayochomwa na jua, inayodhoofika ndani ya dumu, inayolemazwa na maji yenye pH ya juu, inayoliwa na jasho na mafuta ya mwili. Ukiziba mianya hiyo, hata dawa ya kawaida kabisa itakutosha. Usipoiziba, hata ya bei mbaya haitakuokoa.

Maneno matano ya kuanzia

Klorini huru ni ile iliyomo majini ikiwa bado haijashika kazi, tayari kuua. Hiyo ndiyo tunayoihitaji. Klorini iliyofungwa ni ile iliyokwisha kukamatana na jasho au mkojo. Bado imo majini, ila nguvu yake ya kuua imebaki kidogo sana. pH ni kipimo cha maji kuwa na asidi au kuwa na hali ya magadi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni umagadi. Kiimarishaji, ambacho jina lake la kikemia ni asidi ya sainuriki, ni unga unaoikinga klorini isichomwe na jua. Na neno la tano ni kipimo chenyewe, miligramu kwa lita. Hicho kisikutishe, maana ni sawa na gramu moja ya klorini ndani ya lita 1,000 za maji.

Bwawa la nyumbani linatakiwa liwe na klorini huru kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na kama umetia kiimarishaji usishuke chini ya 2. pH iwe kati ya 7.2 na 7.8. Ukivikumbuka viwango hivyo tu na ukavifuata, umeshawapita wengi.

Kwa nini miligramu 1 tu ifanye kazi kubwa hivyo? Kwa kiwango hicho, pH ikiwa 7.5 na maji yakiwa na joto la nyuzi 25, bakteria wa E. coli hufa chini ya dakika moja. Kirusi cha homa ya ini aina ya A huchukua kama dakika 16, kimelea cha Giardia kama dakika 45. Lakini kipo kimelea kingine, Cryptosporidium, ambacho huweza kuishi zaidi ya siku 10 ndani ya maji hayo hayo yenye klorini. Ndiyo maana mtoto anayeharisha haingii bwawani hata maji yawe yametiwa dawa vizuri namna gani, na hakuna fundi wa kukuhakikishia vinginevyo.

Harufu kali haimaanishi dawa nyingi

Hili ndilo linalowapotosha wengi kuliko yote. Mtu anafika bwawani, pua inamuwasha, macho yanakuwa mekundu, anasema, "Leo wamezidisha klorini." Mara nyingi ukweli ni kinyume chake. Chukua beseni la kufulia. Ukishafua humo sare za shule za watoto wanne, povu linakufa. Maji bado yananukia sabuni, lakini ukitumbukiza shati la tano halitakati. Klorini ni vivyo hivyo. Ile harufu inayokwaruza koo hutoka kwenye klorini iliyofungwa, iliyokutana na jasho, mkojo, na mabaki ya sabuni na mafuta. Bwawa lenye klorini huru ya kutosha na watu waliooga kabla ya kuingia halinuki hivyo.

Kwa hiyo ukisikia harufu kali, dawa yake si kuacha kutia klorini. Unatia dozi kubwa jioni moja, kiasi cha kuchoma uchafu wote uliokamatana, halafu unasubiri mpaka kipimo kishuke chini ya miligramu 4 kwa lita ndipo watu waingie. Mafuta ya nazi nayo yana mchango wake. Mtoto aliyepakwa mafuta mwili mzima kisha akaruka majini anakula klorini ya watoto wengine wote na kuacha utando kwenye ukingo wa vigae. Bomba la kuogea kando ya bwawa, na amri kwamba hakuna anayeingia bila kujisuuza, ni akiba ya kweli ya fedha.

Jua, na pH

Tuko karibu na nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Oktoba jua hupita utosini, Februari linarudi kupita tena, na hata miezi ya kusi, upepo unapokuwa wa baridi, mwanga wake bado ni mkali. Klorini huru isiyo na kinga hailiwezi jua hilo. Ndani ya saa mbili za jua kali la mchana inaweza kupotea karibu yote, hadi sehemu tisa kati ya kumi. Mtu anayemwaga dawa saa nne asubuhi ili watoto waoge saa nane mchana ametupa fedha, na watoto watakapoingia hawatakuwa na ulinzi wowote.

Kinga ipo ya aina mbili, na zote mbili ni rahisi. Ya kwanza ni kutia dawa jioni jua likishazama, pampu ikiwa inazunguka, ili dawa ipate usiku mzima wa kufanya kazi. Ya pili ni kiimarishaji. Kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita kinatosha. Kiimarishaji hakiliwi na jua wala hakivukizwi. Kinapungua tu pale maji yenyewe yanapotoka kwa kumwagika, kwa kusafisha chujio au kwa mvua kufurisha bwawa. Kwa hiyo unakitia mara moja, kisha unaongeza kidogo baada ya masika.

pH nayo inaiba kimyakimya. Klorini ikiingia majini hugawanyika pande mbili: moja inaua haraka, nyingine ni goigoi. pH ikiwa 7.2, karibu theluthi mbili iko upande unaoua. Ikiwa 7.5 ni nusu kwa nusu. Ikipanda hadi 8, inabaki kama robo. Dozi ni ile ile, bei ni ile ile, lakini robo tatu ya dawa imekaa tu. Kiimarishaji hulainisha kidogo athari hiyo, ila hakiiondoi. Wanaojaza bwawa kwa maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe wa pwani wawe macho zaidi, kwa sababu maji hayo yana chokaa nyingi na pH yake hupenda kupanda. Kuishusha kuna dawa za madukani, ama asidi ya hidrokloriki, ile ambayo wengi wanaijua kwa kusafishia vigae. Hutiwa kidogo kidogo, siku tofauti au saa kadhaa mbali na klorini, na kwa glavu na miwani. Asidi na klorini vikikutana vikiwa vizito hutoa gesi ya sumu, gesi ile ile iliyotumika kuulia askari katika Vita ya Kwanza ya Dunia.

Kujua ukubwa wa bwawa kabla ya kununua chochote

Mazungumzo ya namna hii yanafanyika kwenye nyumba nyingi jioni:

"Shikamoo, mama. Dawa nimeshatia, makopo mawili."

"Marahaba, mwanangu. Makopo mawili ya ipi?"

"Ya ile nyeupe."

Ile nyeupe inaweza kuwa vitu vitatu tofauti, na kopo si kipimo. Pima urefu, upana, na kina cha wastani. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha mita 1 upande mmoja na mita 2 upande wa pili, lina kina cha wastani cha mita 1.5. Zidisha: mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 2 kwa lita kwenye bwawa hilo kunahitaji gramu 96 za klorini halisi. Namba hiyo 96 ndiyo ya kuandika ukutani kwenye chumba cha pampu, kwa sababu kwa kila dawa utakayonunua, unaigawanya namba hiyo kwa asilimia ya nguvu ya dawa (asilimia 65 ni 0.65).

Sasa tuzitazame dawa zenyewe.

Jiki ya dukani ni klorini ya maji, nguvu yake ni kama asilimia 3.5, soma lebo, maana zinatofautiana. Ndiyo, inafaa bwawani. Ni kemikali ile ile ya sodiamu hipokloraiti iliyomo kwenye madumu makubwa ya dawa ya mabwawa, ila imezimuliwa sana. Masharti ni kwamba iwe ya kawaida, isiwe yenye manukato wala ile nzito yenye sabuni, la sivyo bwawa litatoa povu. Kwa bwawa letu la lita 48,000, gramu 96 ni kama lita 2.7 za jiki. Kila siku. Kwa mwezi ni zaidi ya lita 80. Hapo ndipo utaona kwa nini jiki ni nzuri kwa dharura na kwa mabwawa madogo, na ni mzigo kwa bwawa kubwa.

Kwa yale mabwawa ya plastiki ya watoto ya lita 1,000 hivi, mambo ni mepesi zaidi: mililita 60 za jiki, yaani robo kikombe, zimekorogwa kwanza kwenye ndoo ya maji. Kwa kidimbwi kidogo zaidi ya hapo, mwaga maji kila siku uweke mapya. Usiyaache yalale wiki nzima yakifuga mbu.

Klorini ya maji ya dumu, yenye asilimia 10 hadi 12, ni tamu kutumia. Hakuna kukoroga, haiachi chokaa. Kwa bwawa letu ni chini kidogo ya lita moja kwa siku. Tatizo lake ni safari na joto. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500 za barabara, na dumu hilo linakuja juu ya gari, kisha linawekwa barazani mwa duka. Klorini ya maji hupoteza nguvu kadiri siku zinavyopita, na joto linaiharakisha sana. Kadiri ilivyo nzito ndivyo inavyooza haraka. Dumu la asilimia 12 lililokaa miezi michache kwenye joto la pwani linaweza kuwa limebakiwa na nusu. Uliza tarehe ya kutengenezwa. Kama muuzaji haijui, chukulia kwamba unanunua dawa ya asilimia 6 na ulinganishe bei kwa kipimo hicho.

Klorini ya unga, ambayo hasa ni chengachenga nyeupe, ni kalsiamu hipokloraiti ya asilimia 65 hadi 70. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi za huku. Ikikaa pakavu na penye ubaridi hudumu muda mrefu, haijazwi maji ya kusafirisha bure, na kilo moja ya asilimia 65 ina gramu 650 za klorini halisi. Lita moja ya jiki ina gramu 35. Maana yake kilo moja ya unga ni sawa na lita 18 na nusu za jiki. Hesabu ya bei basi ni hii: ukikuta kilo ya unga inauzwa chini ya bei ya lita 18 za jiki, unga ni nafuu. Huhitaji mtaalamu kukuambia. Kwa bwawa letu ni gramu 150 hivi kwa siku, kilo nne na nusu kwa mwezi.

Namna ya kuutia unga inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndipo watu wanapoungua. Ndoo iwe ya plastiki, kavu ya nje, na ijazwe maji ya bwawa zaidi ya nusu *kwanza*. Simama upepo ukiwa mgongoni. Ndipo unga unamiminwa juu ya maji, polepole, ukikoroga kwa ufito au mpini wa plastiki. Maji yatageuka meupe kama tui, yatachemka kidogo, kisha chini itabaki tope nyeupe ya chokaa. Acha itulie dakika kadhaa, mimina maji ya juu kuzunguka kingo za bwawa, tope ya chini iache. Kamwe usifanye kinyume, yaani kumwagia maji juu ya unga ulioko ndani ya ndoo. Maji machache juu ya unga mwingi hupandisha joto ghafla na kurusha dawa usoni.

Ubaya wake ni chokaa hiyo. Kwa matumizi ya kila siku, bwawa letu litaongezewa ugumu wa maji kama miligramu 40 kwa lita kila mwezi. Aliyejaza maji ya bomba laini hatahisi kitu kwa muda mrefu. Aliyejaza maji ya kisima chenye chokaa ataanza kuona ukoko mweupe kwenye vigae na ndani ya mabomba, na huyo ningemshauri atafute klorini ya maji hata kama ni ghali kidogo, au abadilishane: wiki moja hii, wiki nyingine ile.

Vidonge: raha yenye bili ya baadaye

Vidonge vikubwa vya gramu 200 vina klorini ya asilimia 90 hivi. Unavitia kwenye boya linaloelea, vinayeyuka taratibu kwa siku kadhaa, na wewe unaendelea na shughuli zako. Kwa mtu mwenye kazi nyingi hakuna kinachoshinda hapo. Basi kwa nini yule jirani maji yake yakawa kijani?

Kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wa kidonge ni kile kiimarishaji. Kila kidonge kimoja kinaliongezea bwawa letu kiimarishaji cha miligramu 2.3 kwa lita. Kidonge kimoja kila siku mbili ni vidonge 15 kwa mwezi, sawa na miligramu 34. Mwezi wa kwanza umefika kiwango kizuri. Mwezi wa tatu umepita 100. Kiimarishaji kikizidi hivyo kinaikumbatia klorini mpaka inashindwa kuua, na kipimo kitakudanganya: kinaonyesha klorini ipo, lakini mwani unaota. Mwenye bwawa anaongeza vidonge, yaani anaongeza kiimarishaji, na hali inazidi. Njia ya kutoka ni moja tu, kumwaga sehemu ya maji na kuweka mapya, na kwa bili za maji hilo si jambo dogo.

Vidonge pia vina asidi nyingi, kwa hiyo vinashusha pH na vikiwekwa moja kwa moja kwenye ngazi au sakafu vinakula plasta. Ushauri wangu ni kuvitumia kwa mpango. Vitumie mwezi mmoja wa mwanzo kujenga kiimarishaji badala ya kukinunua peke yake, kisha hamia kwenye unga au klorini ya maji, na vidonge vibaki vya siku za safari: umeenda Masasi msibani, umekwenda shambani wakati wa korosho, bwawa linajihudumia kwa boya.

Mashine ya chumvi nayo ieleweke. Haiondoi klorini. Inapitisha umeme kwenye maji yenye chumvi kidogo na kutengeneza klorini hapo hapo, kemikali ile ile. Bwawa letu lingehitaji chumvi ya gramu 3 hadi 3.5 kwa lita, yaani kilo 144 hadi 168, kama magunia matatu ya kilo 50. Chumvi haiishi, na maji yake ni laini mwilini. Wanaoyasifia wana haki. Lakini mashine ni ghali, kiini chake huchakaa baada ya miaka kadhaa na kipuri hakipo mtaa wa pili, inapandisha pH, na umeme ukikatika haizalishi kitu. Mashamba ya chumvi ya Lindi na Mtwara yapo jirani, ila chumvi ghafi ya shambani ina matope na magnesiamu inayoziba kiini. Mashine inataka chumvi safi.

Na kuchota maji ya bahari moja kwa moja? Hapana. Bahari ina chumvi kama gramu 35 kwa lita, mara kumi ya inayotakiwa, itakula pampu. Isitoshe ina bromidi, ambayo ikikutana na klorini hugeuka bromini, na bromini haikingwi na kiimarishaji. Jua litaifuta kila siku.

Vinavyong'arisha bila kuua

Shabu hukusanya vumbi na tope lielee pamoja au lizame, likafyonzwe. Mbegu za mlonge hufanya kazi inayofanana, na kwa maji ya kisima ni maarifa mazuri ya wazee. Yote mawili huacha maji yanayopendeza macho. Lakini bakteria walio hai hawaonekani kwa macho, na maji yanayong'aa yanaweza kuwa nao tele. Mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, huua mwani, ndiyo, lakini si mbadala wa klorini, na ukizidi unatia madoa kwenye plasta na ukijani kwenye nywele nyeupe au zilizopakwa rangi. Tumia shabu ukitaka, kisha tia klorini.

Kinachokuambia ukweli ni kipimo. Kile kisanduku kidogo chenye vijumba viwili na chupa mbili za matone, au vijiti vya karatasi, ni kitu cha kwanza kununua kabla ya dawa yenyewe. Chota maji kwenye kina cha kiwiko, mbali na tundu linaloingiza maji. Tone za klorini zinageuza maji kuwa ya njano, tone za pH zinayapa rangi kutoka njano hadi nyekundu ya zambarau. Tazama ukiwa umeligeuzia jua mgongo, ukilinganisha na karatasi nyeupe. Fahamu kwamba tone za njano hupima klorini yote, huru na iliyofungwa pamoja. Vipimo vinavyogeuka pinki, viitwavyo DPD, hutenganisha, na kwa nyumba ya wageni ningelipia hivyo. Pima kila jioni kwa wiki mbili za mwanzo. Utajua bwawa lako linakula kiasi gani kwa siku, na baada ya hapo kupima mara mbili au tatu kwa wiki kutatosha, isipokuwa mvua ikinyesha kubwa au wageni wakijaa.

Msimu wetu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, hubadilisha hesabu zote. Mvua kubwa huzimua klorini, huondoa kiimarishaji kupitia maji yanayofurika, na huleta udongo na majani. Baada ya mvua ya usiku kucha, pima asubuhi kabla mtu hajaingia. Kuanzia Mei jua likirudi, pima kiimarishaji na urudishie kilichopungua.

Pa kuiweka dawa

Hapa naomba msomaji wa Mtwara na Lindi anisikilize kwa makini, kwa sababu stoo zetu zina kitu ambacho stoo za mikoa mingi hazina. Nyumba nyingi zenye shamba la mikorosho huhifadhi mifuko ya salfa ya kupulizia dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Klorini ya unga na salfa haviwekwi chumba kimoja. Vikichanganyika, hasa vikipata unyevu, huripuka moto na kurusha salfa iliyoyeyuka. Vivyo hivyo dizeli ya jenereta, petroli, mafuta ya breki, rangi na mbolea. Na vidonge visikutane kabisa na unga: usitumie kijiko kimoja, usitie unga kwenye boya lililokuwa na vidonge, usikusanye mabaki ya aina mbili kwenye kopo moja. Dawa hizo mbili, ingawa zote zinaitwa klorini, zikigusana zinaweza kulipuka.

Usinunue unga uliofungwa kwenye mfuko wa rambo usio na lebo, hata muuzaji akiapa. Huna namna ya kujua kama ni kalsiamu, ni vidonge vilivyosagwa, au ni kitu kingine. Kopo liwe la asili, lenye mfuniko unaobana, limeinuliwa kutoka sakafuni, chumba kiwe kikavu, kinapitisha hewa na kina kufuli ambalo mtoto hafikii ufunguo. Dawa ya bwawa isitumike kamwe kutibu maji ya kunywa. Kwa hayo zipo dawa zake, zenye kipimo chake.

Ukifungua stoo ukakuta kopo limevimba, linatoa moshi au harufu inayokaba, usiingie kulitoa. Ondoa watu wote, sogeeni upande upepo unakotokea, na mpige 114, Zimamoto na Uokoaji, mkiwaeleza tangu mwanzo kwamba ni klorini na kama kuna salfa ndani.